UZI: Niliomba mkataba wa mfumo wa kompyuta wa hospitali, nikajibiwa "siri ya biashara"

BintiKuze · Jumapili, saa 2:40 usiku

Asalaam aleikum wanabaraza, na wengine nyote habari za jioni.

Nina jambo limenikwama kooni wiki ya tatu sasa. Mamangu ana kisukari. Kila mwezi nampeleka kliniki kwenye hospitali moja ya umma huku kwetu Pwani, Kenya. Jina silitaji, sitaki balaa, na daktari wake ni mtu mwema sana. Zamani mama alikuwa na faili lake la manjano, pembe zimelika, limefungwa kwa mpira wa kufungia noti. Ukifika unalitoa kwenye mkoba, daktari anafungua, anasoma, mnaandikiwa dawa, mnakwenda zenu. Halafu wakaleta kompyuta. Mafaili yakakusanywa, tukaambiwa kila kitu sasa kimo mle ndani. Wallahi nilifurahi, maana lile faili lilishawahi kulowa mvua mara mbili.

Mwezi uliopita tumefika saa 12 na nusu asubuhi, tukapewa namba 31. Saa 3 mfumo ukalala. Yule kijana wa dirishani akatugeuzia skrini tuone wenyewe, kijiduara kinazunguka katikati, akasema "si mimi jamani, ni sistimu." Saa 6 kijiduara kingali kinazunguka. Mwisho wakatoa daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, wakaanza kuandika watu kwa kalamu. Mama akaulizwa, "Unatumia dawa gani na miligramu ngapi?" Hakumbuki! Angekumbukaje, na ni wao waliosema hana haja tena ya kubeba karatasi? Akabaki kumuelezea daktari: kile cheupe kirefu cha asubuhi, na kile kidogo cha njano cha usiku.

Tulipokuwa kwenye matatu kurudi nikawa nawaza: hii kitu imenunuliwa kwa pesa ngapi? Na aliyeiuza aliahidi nini siku ikilala? Sikuwa na wazo la ufisadi kichwani. Niliwaza kama mtu aliyenunua friji ikamuozeshea samaki, anatafuta ile karatasi ya garantii iko wapi.

Basi nikaandika barua. Nimeomba vitu vinne: kampuni gani imeuza, bei ya kununua pamoja na ada ya kila mwaka, mkataba ni wa muda gani, na masharti ya siku ambazo mfumo haufanyi kazi. Siku ya 19 nikajibiwa. Nusu ukurasa. Habari nilizoomba "zinagusa maslahi ya kibiashara ya mtu wa tatu". Wakaambatisha nakala ya mkataba, kurasa 34, na kati ya hizo 22 ni nyeusi tititi kwa wino. Jina la kampuni nimelipata, liko kwenye jalada. Pesa: nyeusi. Muda: mweusi. Na kuna kifungu cha usiri, kichwa chake wamekiacha, maneno ya chini yamepakwa yote. Yaani kifungu kinachosema kwa nini sifai kuonyeshwa, nacho sifai kuonyeshwa.

Swali langu ni moja. Hii siri ya biashara ni siri ya nani, na hasa anafichwa nani?

KahawaChungu · Jumapili, saa 2:58 usiku

Siri ya mtungi aijuaye kata, dada yangu. Na kata imetiwa wino.

NahodhaLikoni · Jumapili, saa 3:05 usiku

Mtungi tumenunua sisi, kata tumenunua sisi, maji tunateka sisi. Siri gani hapo?

FundiMitambo_Tudor · Jumapili, saa 3:31 usiku

Najua nitarushiwa mawe lakini wacha niseme. Mimi ndiye yule "mtu wa tatu". Si wa hospitali hiyo, ila kazi yangu ni hiyo hiyo: nawauzia maofisi mifumo. Kampuni yetu ni watu watatu na feni moja, tuko juu ya duka la vyuma.

Nikiomba tenda, kuna karatasi ya bei ya jumla na kuna karatasi ya mchanganuo. Ile ya mchanganuo ndiyo roho yangu. Inaonyesha kila fundi namlipa kiasi gani, seva naipangisha wapi na kwa bei gani, punguzo gani nimepewa na anayeniuzia vifaa kwa jumla. Kampuni kubwa ya Nairobi ikiiona, tenda ijayo itashuka chini yangu kidogo tu, na ya pili kidogo tu, mpaka nifunge. Nikishafunga bei inapanda na hakuna wa kuishusha. Hapo nani amepata faida, mama yako?

Kisha kuna mchoro wa mtandao wenyewe. Nakala za akiba za data zinawekwa wapi, mlango wa nyuma wa mafundi uko wapi. Huo ukitoka hadharani mwizi ndiye wa kwanza kuusoma. Kwa hivyo msicheke kila wino. Mwingine una haki yake.

BintiKuze · Jumapili, saa 3:40 usiku

Kaka Fundi, sijaomba mshahara wa mafundi wala mchoro. Soma tena vitu vyangu vinne.

MstaafuWaStoo · Jumapili, saa 4:22 usiku

Wanangu, nimekaa idara ya ununuzi miaka 28, ofisi mbili tofauti za umma, na zote nimeziacha salama. Fundi amesema kweli, ila ni nusu.

Nusu iliyobaki ni hii. Siku ya kufungua zabuni kuna sanduku lenye kufuli mbele ya watu. Ikifika saa iliyoandikwa kwenye tangazo, tuseme saa 5 kamili, kufuli linafunguliwa, na bahasha ya saa 5 na dakika moja hairudi ndani hata mwenyewe alie. Wenye tenda au wawakilishi wao wamekaa pale kwenye viti vya plastiki, kila mmoja na kijidaftari. Kamati inachana bahasha moja moja na inasoma kwa sauti: jina la kampuni, bei ya jumla, na dhamana ya zabuni kama ilitakiwa. Kwa sauti! Hiyo ni Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, kifungu cha 78. Nami nimesoma mwenyewe mpaka sauti ikakauka, na wale wenye vijidaftari wananiambia "rudia hiyo ya mwisho, afisa."

Sasa nambieni. Bei ya jumla imesomwa mbele ya wapinzani wote wa yule muuzaji kabla hata hajapewa kazi. Kampuni kubwa ya Nairobi ya Fundi ilikuwa imekaa kiti cha tatu, imeandika. Mpinzani anaijua. Aliyeshindwa anaijua. Mfagiaji wa ule ukumbi anaijua. Miaka miwili baadaye mgonjwa anauliza, anaambiwa ni siri ya biashara. Biashara gani hiyo ambayo siri yake inajulikana na washindani na inafichwa mnunuzi?

Na kwa kuwa nimeshastaafu na pensheni inaingia, niwaambie na hili. Mimi pia nimepaka wino. Ile kalamu nene, harufu yake inakuumiza kichwa ikifika ukurasa wa kumi. Mkubwa alisema ni kwa ajili ya kulinda kampuni. Nilichokuwa nafunika ni mstari unaosema tumelipia leseni 200 za programu, moja kwa kila kompyuta, na ofisi nzima kompyuta zilikuwa 60. Kampuni haikuwa na cha kuficha pale. Wenye cha kuficha tulikuwa sisi.

KahawaChungu · Jumapili, saa 4:30 usiku

Mzee shikamoo. Leseni 140 zilikuwa za nani, za majini?

MstaafuWaStoo · Jumapili, saa 4:34 usiku

Marahaba. Majini hawalipiwi ada ya kila mwaka. Zile zililipiwa.

WakiliMdogo · Jumatatu, saa 1:15 asubuhi

Mimi ni karani katika ofisi ya mawakili, bado sijaapishwa, kwa hivyo haya yachukueni kama maneno ya baraza.

Dada Binti, tatu kati ya nne ulizoomba hukupaswa hata kuziomba. Sheria ya Kupata Habari ya 2016, kifungu cha 5, inasema taasisi ya umma ikishatia saini mkataba ichapishe, kwenye tovuti yake au kwa njia nyingine inayofaa: kilichonunuliwa na upeo wa huduma, kiasi cha pesa, jina la aliyepewa, na muda wa kazi kukamilika. Sheria ya ununuzi nayo, kifungu cha 138, inataka mikataba iliyotolewa itangazwe, hadi kwenye ubao wa matangazo. Na 2018 Rais Uhuru Kenyatta alitoa agizo kwamba kuanzia Julai 1 mwaka huo taasisi zote za umma ziweke wazi tenda zao na walioshinda. Ndiyo maana kuna ile tovuti ya tenders.go.ke. Kabla hujabishana na mtu, kaangalie huko kwanza, huenda bei waliyoipaka wino walishaiweka wenyewe.

Wanachoshikilia wao ni kifungu cha 6. Kweli kinaruhusu kunyima habari ambazo zikitolewa zitadhuru *kwa kiasi kikubwa* maslahi ya kibiashara ya taasisi au ya mtu wa tatu, pamoja na haki zake za ubunifu. Hayo maneno "kwa kiasi kikubwa" ndiyo watu huyaruka. Kusema "ni ya kibiashara" hakutoshi, waonyeshe dhara lenyewe ni lipi. Tena kifungu hicho hicho kinaacha mlango: manufaa ya umma yakizidi dhara, mahakama inaweza kuagiza zitolewe.

Lile la "tumewekeana sahihi ya kutotoa siri" watu wa Mombasa ndio wa mwisho kutishwa nalo. Kesi kubwa ya mkataba uliofichwa iliamuliwa hapa hapa, Mahakama Kuu ya Mombasa. Khelef Khalifa wa MUHURI, lile shirika la haki za binadamu, na mwanaharakati Wanjiru Gikonyo walidai mikataba ya reli ya SGR. Serikali ikasema ina vifungu vya usiri. Tarehe 13 Mei 2022 Jaji John Mativo akaagiza itolewe. Novemba mwaka huo waziri wa uchukuzi Kipchumba Murkomen akaweka hadharani sehemu yake, ile mikataba ya mkopo wa 2014 na benki ya Exim ya Uchina. Watu wakasoma kwa macho yao kile kifungu cha kumtaka mkopaji afiche masharti, na kile cha kwamba mzozo ukitokea utaamuliwa Beijing. Kama sahihi ya kufichana haikuzuia reli ya mabilioni, itazuia kompyuta za kliniki?

Una siku 30 tangu wakujibu za kupeleka malalamiko kwa Ombudsman, ile tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Usilale.

Mswahili_Bamburi · Jumatatu, saa 3:02 asubuhi

Na ikawaje? Mikataba ya SGR ilitoka, mkopo haujaendelea kulipwa? Na kabla ya hapo mizigo ya bandari haikuwa imeshalazimishwa kupanda treni miaka kadhaa, madereva wa malori Mombasa wakakosa kazi? Karatasi zilitoka, sufuria ikabaki tupu. Mnajichosha.

NahodhaLikoni · Jumatatu, saa 3:10 asubuhi

Huyu ndugu ana uchungu na simlaumu. Shemeji yangu aliuza lori.

WakiliMdogo · Jumatatu, saa 4:45 asubuhi

Bamburi, mkataba kutoka baada ya deni kuchukuliwa ni kama kupimiwa nguo ishashonwa. Kuna nchi hilo wamelikata mwanzoni. Slovakia tangu 2011 mkataba wa serikali usipochapishwa mtandaoni hauanzi kufanya kazi. Hujachapisha, hujalipwa. Utashangaa watu wanavyokuwa hodari wa kuchapisha.

Hata ukichelewa si bure. Afrika Kusini mikataba ya chanjo ya korona ilifichwa kwa sababu hii hii ya vifungu vya usiri. Agosti 2023 mahakama ya Pretoria ikaamuru itolewe. Ndipo wakajua dozi moja ya Johnson & Johnson waliuziwa dola 10 wakati Ulaya ilinunua kwa 8.50. Wao waliokuwa maskini zaidi ndio waliolipa zaidi, na walioweka sahihi hawakuwa na namna ya kujua, kwa vile kila mnunuzi alifungiwa chumba chake.

MamaKongowea · Jumatatu, saa 7:20 mchana

Mimi nauza viazi, sheria sizijui, lakini hiyo ya kufungiwa chumba naijua. Pale sokoni Kongowea lori likiingia usiku, dalali anakunong'oneza bei sikioni, anamnong'oneza na mwenzako. Mkija kuulizana asubuhi mnakuta kila mtu ana bei yake kwa gunia lile lile. Ndiyo maana dalali hapendi wanawake tukae pamoja tukinywa chai.

Na kwenye mambo ya afya haya si mageni. Mnakumbuka vile vifaa vya hospitali vya kukodi vya 2015? Hospitali 98, mbili kila kaunti na nne za kitaifa. Mkataba ulitiwa saini na wizara, ila waliokatwa pesa ni kaunti, mwanzoni shilingi milioni 95 kwa mwaka kila kaunti, ikapanda hadi milioni 200. Magavana wakalia mpaka Seneti ikaunda kamati, na kilio ni kimoja: tunalipia mkataba ambao hatujauona. Gavana! Mwenye bendera kwenye gari! Sasa Binti wa Kuze na barua yake ya mkono.

Huu mfumo wa kompyuta wa SHA nao, ile bima ya afya ya serikali, Mkaguzi Mkuu Nancy Gathungu katika ripoti iliyotoka Machi 2025 alisema ni wa shilingi bilioni 104.8 na serikali haiumiliki, mkataba umeacha umiliki kwa zile kampuni zilizouleta. Na vyote hivi bado tunaambiwa ni biashara ya watu?

KahawaChungu · Jumatatu, saa 7:33 mchana

Msisahau 2022 kwenye kesi ya urais. Mahakama ya Juu imeagiza seva zikaguliwe, upande wa IEBC, tume ya uchaguzi, ukaeleza kwamba Smartmatic, kampuni iliyoleta mitambo ya uchaguzi, wana haki zao za ubunifu mle ndani za kulindwa. Kura zetu, seva yao. Ni kama kumpa mtu kuku wako akufugie, ukienda kumwangalia unaambiwa banda lina hataza.

Msimamizi · Jumatatu, saa 9:00 alasiri

Nimefuta majibu matatu yaliyokuwa yakikisia jina la hospitali na la kampuni. Mwenye uzi hakutaja, nanyi msitaje. Anayeendelea kukisia nitamfungia wiki nzima.

FundiMitambo_Tudor · Jumatatu, saa 2:16 usiku

Nimesoma yote, na Mzee wa Stoo amenishika shati. Bei ya jumla sina la kuitetea, inasomwa, tena mimi mwenyewe huwa na kijidaftari. Ada ya mwaka pia sioni cha kufichwa. Mchanganuo wangu bado nauomba usamehewe.

Lakini dada Binti, mnabishania bei mpaka mmeusahau mlango mkubwa. Uliza hivi: mkataba ukiisha, data ya mama yako inatoka vipi? Nakuambia kama mtu aliyeitwa kuzima moto. Kuna ofisi moja ilimaliza mkataba na kampuni, ikatuchukua sisi. Tukaomba data za miaka minne. Kampuni ya zamani ikasema data ni za mteja, hakuna ubishi, tutazileta. Zikaletwa. Katoni sita za karatasi zilizochapishwa, na nambari za kurasa hazikufuatana. Mkataba ulikuwa umesema "zitarejeshwa", haukusema kwa sura gani. Tulilipa vijana wakae wakichapa upya miezi miwili. Ofisi ilikuwa imekubali kufungwa mkono na haikujua, kwa sababu aliyeusoma ule mkataba alikuwa mmoja tu, na alikuwa amehamishwa Garissa.

Hiyo si siri ya biashara yetu. Ni mtego wa biashara yetu, na unakaa vizuri zaidi gizani.

BintiKuze · Jumatatu, saa 2:50 usiku

Katoni sita!! Ahsante kaka. Naongeza.

MstaafuWaStoo · Jumatatu, saa 3:25 usiku

Mwanangu, na barua yako mpya usiandike "naomba mkataba wote". Ukiomba wote unampa afisa kazi rahisi, anakamata kalamu anapaka wino kuanzia jalada. Omba kitu kimoja kimoja, kila kimoja na namba yake, ili akikunyima namba 3 alazimike kuandika kwa nini namba 3. Afisa haogopi kukunyima. Anaogopa kuandika sababu na kuweka sahihi chini yake, maana siku ya ukaguzi ile sahihi ndiyo itakayoitwa.

Elewa pia jambo moja la ofisini, usije ukawachukia. Atakayekupa karatasi ataunguzwa akikosea. Atakayekunyima haulizwi na mtu. Mimi ningekuwa pale na watoto wangu bado shule, sijui ningefanya nini.

BintiKuze · *baada ya siku tisa*

Wanabaraza, samahani kwa kimya. Mama alipanda sukari, tumelala hospitali siku mbili (ile ile), alhamdulillahi ameshuka.

Kwanza nilifuata ushauri nikaingia tovuti ya tenda. Nimeikuta! Jina la kampuni na bei ya jumla viko pale, vimekaa wazi kabisa, yeyote mwenye simu anaona. Ile ile bei waliyonipakia wino. Nilicheka peke yangu mpaka mtoto akauliza mama una nini.

Kisha nikapeleka malalamiko kwa Ombudsman, nikaandika na barua mpya kwa hospitali. Kwa wanaotaka kuinakili ni hii, nimetoa majina:

*"Kwa Afisa wa Habari. Mimi ni raia wa Kenya. Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, naomba yafuatayo kuhusu mfumo wa kusajili wagonjwa: (1) jumla ya pesa za mkataba, ambazo mmekwisha kuzichapisha wenyewe, (2) ada ya kila mwaka, (3) tarehe ya kuanza na ya kumaliza, (4) kifungu kinachohusu saa ambazo mfumo haufanyi kazi, na faini yake kama ipo, (5) kifungu cha kurejesha data mkataba ukiisha, na zitarejeshwa kwa sura gani. Siombi mchanganuo wa gharama za kampuni, siombi michoro ya mtandao, wala namna programu ilivyoandikwa. Mkinikatalia lolote, naomba mniandikie kwa kila namba dhara litakalotokea."*

Nimeiandika kwa Kiswahili. Yule dada wa mapokezi akaisoma mbele yangu, akasema "hii nimeielewa", akagonga muhuri.

WakiliMdogo · siku hiyo hiyo

Safi sana. Sheria inataka maombi yapokelewe kwa Kiswahili au Kiingereza, na wasikutoze kitu kuyapokea, isipokuwa gharama ya nakala. Hifadhi nakala yenye muhuri. Wana siku 21, na wakiongeza ni mara moja, zisizidi 14.

BintiKuze · *baada ya siku kumi na saba*

Wamejibu! Safari hii walinipigia simu niende. Afisa ni bwana mmoja wa makamo, mstaarabu, amenikaribisha kiti. Mbele yake mkataba ule ule, huu haujapakwa kitu. Namba 1, 2 na 3 akanisomea nikaandika, nakala nikapewa. Ada ya mwaka inakaribia robo ya bei ya kununulia. Mkataba unakwisha Februari.

Namba 4 akanyamaza kidogo, akageuza kurasa mbele, akarudi nyuma, akavua miwani. Akasema, "Mama, hii ndiyo yenyewe." Ni sentensi moja, kwamba kampuni itafanya kila juhudi inayofaa kurejesha huduma kwa wakati unaofaa. Basi. Hakuna saa, hakuna siku, hakuna faini. Katika zile kurasa nyeusi huu ulikuwa ukurasa wa 19, nilikuwa nimeukodolea macho nikifikiri kuna jambo kubwa limefunikwa.

Namba 5 haimo kabisa. Alitafuta na mimi nikimtazama.

KahawaChungu · saa moja baadaye

Kwa hivyo wino wote ule ulikuwa unafunika nafasi tupu.

FundiMitambo_Tudor · siku hiyo hiyo, usiku

Hiyo sentensi ya "juhudi inayofaa" naijua. Nami huiweka kwenye rasimu zangu, mteja asipouliza inapita. Akiuliza naandika muda usiozidi saa nne, na faini kwa kila saa inayozidi. Sijawahi kupoteza tenda kwa kuulizwa.

MstaafuWaStoo · siku hiyo hiyo, usiku

Mkataba wa Februari maana yake hati za zabuni mpya zinaandikwa sasa hivi, mezani pa bwana huyo huyo mwenye miwani. Mwandikie kabla hazijatangazwa. Zikishatangazwa atakwambia mikono imefungwa, na atakuwa anasema kweli.

MamaKongowea · siku hiyo hiyo, usiku

Na dawa za mama?

BintiKuze · siku hiyo hiyo, usiku

Nimemwandikia zote nyuma ya kadi ya harusi ya binamu yangu, ndiyo karatasi ngumu niliyoipata. Anaiweka kwenye mkoba. Yule bwana nilimuuliza pia kama lile faili la manjano bado lipo stoo, akasema nirudi Jumatano na namba yake ya zamani.